Injini za Vita na Mahubiri ya Soko Huria

Tangu mwaka 1986, Tanzania ilipotiliana saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, watumishi wa Serikali wa nchi hii wamekuwa wakisomeshwa somo moja tu, katika semina na makongamano, kwa vitabu na kwa masharti ya mikopo. Somo lenyewe ni hili: Serikali haijui kuzalisha mali. Kazi yake ni kukusanya kodi, kulinda mipaka na kukaa kando. Viwanda, uvumbuzi na ufundi wa hali ya juu ni kazi ya watu binafsi wenye mitaji, ambao hushindana sokoni, na katika kushindana huko ndimo maarifa huzaliwa. Serikali ikitia mkono wake, huharibu. Somo hili limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba wako hata walimu wanaolifundisha kwa uhakika ule ule wanaofundishia kwamba maji huchemka kwa digrii mia moja.

Yafaa basi wale wanaolihubiri waulizwe swali dogo. Injini iliyowaleta Dar es Salaam, ile iliyoning'inia chini ya bawa la ndege waliyopanda, nani aligharimia kuibuni? Na umeme uliowapoza katika ukumbi wa semina, mtambo uliouzalisha ulizaliwa wapi?

Jibu haliwezi kuwapendeza. Kwa sehemu kubwa vitu hivyo vyote viwili vilizaliwa katika bajeti za vita za serikali za Marekani, Uingereza na Ufaransa, kwa kodi za wananchi wa nchi hizo, kwa amri ya maofisa wa serikali, na mara nyingi bila ya soko lolote kuwapo.

Injini ya ndege kubwa ya siku hizi ni ya aina iitwayo tabofeni. Mbele yake kuna pangaboi kubwa ambalo kila abiria amekwisha kuliona. Nyuma ya pangaboi hilo, ndani kabisa, kuna sehemu ambayo mafundi huiita kiini. Hapo hewa hushindiliwa kwa nguvu, huchanganywa na mafuta na kuwashwa, na hewa hiyo moto huzungusha tabaini, yaani magurudumu yenye mapanga madogo madogo yaliyopangwa kuuzunguka mhimili. Joto la hapo hupita kiwango cha kuyeyusha madini ambayo mapanga hayo yametengenezwa kwayo. Mapanga husalimika kwa sababu tu yametobolewa vijitundu vyembamba sana vya kupitishia hewa ya kuyapoza. Kulifua panga moja la namna hiyo ni kazi ambayo ni mataifa machache tu duniani yanaiweza hadi leo.

Sasa, kiini hicho hakijui kwamba kimo ndani ya ndege. Mhimili wake ukiunganishwa na pangaboi, hurusha abiria. Ukiunganishwa na jenereta, huzalisha umeme. Ukiunganishwa na parafujo, huendesha manowari. Na ukiunganishwa na pampu kubwa, husukuma gesi ndani ya bomba kwa maelfu ya kilometa. Ndiyo maana kampuni iliyokwisha kupata kiini kizuri kwa fedha za jeshi huweza kukiuza mara tatu au nne katika biashara tofauti, na kila mara ikijiita mjasiriamali.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa injini TF39. Katikati ya miaka ya 1960 Jeshi la Anga la Marekani lilitaka ndege ya mizigo ambayo ingeweza kubeba vifaru na kuvipeleka upande wa pili wa dunia. Hapakuwa na shirika la abiria lililoomba injini ya ukubwa huo, wala benki iliyokuwa tayari kuikopesha kampuni fedha za kuibuni. Serikali ndiyo iliyoamua, na mwaka 1965 ikaipa kazi hiyo kampuni ya General Electric. Matokeo yake yalikuwa injini ambayo kwa kila fungu moja la hewa lililopita ndani ya kiini, mafungu manane yalipita kando yakisukumwa na pangaboi. Hakuna injini ya namna hiyo iliyokuwa imeingia kazini kabla yake. Ndege yenyewe, C-5 Galaxy, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 30 Juni 1968.

Mwezi Oktoba 1973 ndege hizo zilibeba silaha za Marekani kwenda Israel wakati wa vita ya Mashariki ya Kati, zikitua na kujaza mafuta katika kiwanja cha ndege cha Lajes, huko Azores, visiwa vya Wareno. Wasomaji wenye umri hawakusahau kwamba mwezi ule ule Tanzania ilivunja uhusiano wake na Israel, na kwamba Ureno hiyo iliyotoa kiwanja ilikuwa bado inaua watu Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Injini TF39 ilianza maisha yake katika kazi za jinsi hiyo.

General Electric ikaichukua TF39, ikaigeuza, ikaiita CF6, na kuanzia mwaka 1971 ikawa inarusha abiria katika ndege za DC-10, baadaye Airbus A300 na Boeing 747. Kutokana na ukoo huo huo ikatolewa LM2500, ambayo iliingizwa katika manowari za Marekani za aina ya Spruance, nne kwa kila meli, na ambayo hata leo inaendesha manowari za nchi nyingi. Halafu kutokana na CF6-80C2, mjukuu wa TF39, ikatolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 LM6000, mtambo wa kuzalisha umeme wenye uwezo wa megawati zipatazo arobaini.

Hapo hadithi inafika Ubungo. Katika kituo cha Songas kulifungwa mitambo ya LM6000, ambayo kuanzia mwaka 2004 ilichoma gesi ya Songo Songo na kuiuzia TANESCO umeme kwa mkataba wa miaka 20. Katika kituo cha Kinyerezi I, mali ya TANESCO yenyewe, imo mitambo minne ya LM6000 yenye jumla ya megawati 150. Mwalimu wa sekondari ya Temeke aliyesahihisha madaftari usiku kwa taa ya umeme, na karani wa Wizara aliyepiga taarifa yake kwa kompyuta, wametumia, bila ya kujua, ufundi uliobuniwa ili vifaru vya Marekani viweze kuruka. Huo si umeme uliozaliwa na soko huria.

Tena mtambo huo una alama ya kwao hata leo. Mhimili wake hupenda kuzunguka mara 3,600 kwa dakika, kwa sababu umeme wa Marekani hupigwa mara 60 kwa sekunde. Umeme wa Tanzania hupigwa mara 50, na kwa hiyo mhimili wa jenereta hutakiwa kuzunguka mara 3,000. Basi kati ya injini na jenereta hupachikwa giaboksi, chombo kizito cha ziada, ili kuipunguza mbio mashine ya Mmarekani ilingane na waya za Kiafrika. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa uhusiano baina ya mzunguko na idadi ya mapigo ya umeme hana haja ya kwenda mbali.

Wahubiri wa soko huria hupenda kuitaja injini nyingine, CFM56, ambayo zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 30,000, kuwa ni ushahidi wa ubora wa biashara binafsi. Basi na ichunguzwe hiyo CFM56.

Kiini chake kilitoka katika injini F101, iliyobuniwa kwa ajili ya ndege B-1, ndege ya kutupa mabomu ya nyuklia. Mshirika wa General Electric katika kazi hiyo alikuwa SNECMA wa Ufaransa, naye hakuwa bepari binafsi hata kidogo: lilikuwa shirika la umma, lililotaifishwa mwaka 1945. Washirika hao walipotaka kuanza kazi, Serikali ya Marekani ilikataa mwaka 1972 kutoa kibali, kwa hoja kwamba kiini cha F101 ni siri ya ulinzi na ni mali iliyolipiwa na umma wa Marekani. Halikuamuliwa jambo hilo na soko. Lilipelekwa mbele ya marais wawili, Nixon na Pompidou, walipokutana Reykjavik, Iceland, mwaka 1973. Kibali kikatolewa kwa masharti: kiini kitengenezwe Marekani ndipo kisafirishwe kwenda Ufaransa, na Hazina ya Marekani ilipwe dola milioni 80 kuwa ni fidia ya fedha ambazo wananchi walikuwa wamekwisha kuzitoa.

Yazingatiwe masharti hayo. Ufaransa ni rafiki wa Marekani, ni nchi tajiri, ina mabomu yake ya nyuklia na wahandisi wake mashuhuri. Pamoja na yote hayo haikupewa ufunguo wa chumba cha ndani. Ikiwa Mfaransa aliwekewa kufuli, ni nani huyo anayemwambia Mtanzania kwamba maarifa yatamfikia yenyewe, kwa upepo wa soko, mradi tu afungue mipaka na kupunguza ushuru?

Wala soko halikuipokea injini hiyo kwa shangwe. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1979 ilikuwa haijapata mnunuzi hata mmoja, na mradi ulikaribia kufungwa. Uliokolewa na mashirika machache ya Kimarekani yaliyotaka kubadili injini za ndege zao za DC-8, na baada ya hapo ukapewa nguvu na mteja yule yule wa siku zote, Jeshi la Anga, lililoichagua kwa ndege zake za kubebea mafuta. Ndipo zikaja Boeing 737 mpya za miaka ya 1980, na faida, na majigambo.

Kisa cha Uingereza ni kichungu zaidi kwa wahubiri, kwani wahusika wake ni mitume wao wenyewe. Chama cha Conservative cha Edward Heath kilishinda uchaguzi wa mwezi Juni 1970 kikiahidi kwamba kampuni zinazoshindwa kujiendesha zitaachwa zife. Haikutimia hata miezi minane. Kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa imejifunga kwa mkataba kuitengenezea Lockheed ya Marekani injini RB211 kwa bei isiyowezekana. Pangaboi lililobuniwa kwa nyuzi za kaboni lilivunjika katika majaribio ya kurushiwa ndege-hai, gharama zikapanda, na tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce ikatangazwa kuwa imefilisika. Serikali ya Heath ilifanya nini? Iliitaifisha. Serikali ya mabepari, yenye mawaziri waliokuwa wakiwacheka Waafrika waliotaifisha mabenki miaka minne tu nyuma, iliichukua kampuni hiyo mikononi mwake, kwa sababu injini za ndege zake za kivita na za nchi rafiki zisingepata vipuri.

Upande wa pili wa Atlantiki, Lockheed nayo, iliyokuwa imejitia hasara katika ile ile C-5 na kuitegemea RB211 kwa ndege yake ya abiria, ikapiga magoti mbele ya Serikali. Bunge la Marekani likaidhinisha dhamana ya mkopo wa dola milioni 250. Katika Seneti dhamana hiyo ilipita kwa kura 49 dhidi ya 48. Mwaka mmoja, nchi mbili, kampuni mbili kubwa za kibepari, na zote mbili zimesimama kwa gongo la Serikali. Rolls-Royce ilibaki kuwa mali ya umma hadi mwaka 1987. Ilipokwisha kupona, RB211 ikiwa imekomaa na hata imetolewa mtambo wa viwandani wa kusukuma gesi na mafuta, ndipo ikauzwa kwa watu binafsi. Kutokana na RB211 zikaja injini za Trent, ambazo toleo moja ndilo lililo katika Boeing 787 za Shirika la Ndege la Tanzania.

Afrika ya Mashariki haikuwa mgeni katika mambo haya. Ndege za Comet 4 ambazo East African Airways ilizipata mwaka 1960 zilikuwa na injini za Avon, zilizokwisha kutumika katika ndege za kivita za Canberra na Hunter. Super VC10 zilizofuata ziliendeshwa na Conway, tabofeni ya kwanza duniani kuingia kazini, ambayo ilikuwa pia katika Victor, ndege ya Uingereza ya kutupa mabomu ya nyuklia. Boeing 737-200 za ATC zilikuwa na JT8D, iliyotokana na J52, na J52 hiyo ndiyo iliyosukuma kombora la nyuklia lililoitwa Hound Dog. Karakana kuu za East African Airways zilikuwa Nairobi. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilijikuta ina abiria, ina viwanja, ina marubani kadha wa kadha, lakini pa kufungulia injini haina. Hilo lilikuwa funzo ambalo lingetosha.

Wapinzani wa hoja hii hawatakosa la kusema. Watasema kwamba mashirika ya umma ya Tanzania yalijaribiwa na yakashindwa. Ni kweli kwamba mengi yaliendeshwa vibaya. Wapo mameneja waliogeuza mali ya umma kuwa shamba la baba yao, na wapo waliopewa viwanda ambavyo hawakuwa na habari navyo. Kuyaficha hayo ni kuwadanganya wananchi. Lakini mbona C-5 ilizidi makadirio ya gharama kwa kiasi cha dola bilioni mbili, na mabawa yake yakapata nyufa hadi yakabidi kubadilishwa yote? Mbona B-1 ilifutwa na Rais Carter mwaka 1977, baada ya fedha nyingi kuteketea, kisha ikafufuliwa na Reagan mwaka 1981? Hakutokea mtaalamu wa kuwaambia Wamarekani kwamba, kwa kuwa mradi mmoja umeharibika, basi Serikali yao iache kabisa kugharimia injini. Waliwafukuza waliostahili kufukuzwa, wengine wakawaacha, wakaendelea. Ushauri wa kuacha kabisa huhifadhiwa kwa ajili ya maskini.

Watasema pia kwamba Tanzania haiwezi kuiga nchi zilizojenga viwanda kwa ajili ya kuua. Hapo wamesema kweli, wala hakuna anayetaka kuiga. Injini ya kwanza ya ndege ya Mwingereza Frank Whittle ilipuuzwa na serikali yake hadi hati yake ya uvumbuzi ikaachwa kufa mwaka 1935 kwa kukosa paundi tano za kuihuisha. Vita ilipobisha hodi, fedha zikaonekana mara moja. Wajerumani walitengeneza injini zao za Jumo kwa jasho la wafungwa. Ni aibu ya mfumo huo kwamba haukuona sababu ya kuwapa wahandisi fedha za kutosha ila pale ilipokuwa ni kazi ya kuteketeza miji. Lakini aibu hiyo ni ya mfumo wao, na haigeuzi ukweli wa hesabu: aliyelipa ni umma, na aliyelipa alidai kubaki na maarifa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo kwa watumishi wa Serikali wanaosoma ukurasa huu, maana ndio wanaoandika mikataba.

Mtambo uliotokana na injini ya ndege ni mwepesi. Sifa yake kubwa, ambayo wauzaji huitangaza kwanza, ni kwamba ukiharibika huna haja ya kuutengeneza pale ulipo. Injini hufunguliwa, hutolewa, nyingine hupachikwa kwa siku chache tu, na ile mbovu hutiwa sandukuni ikapelekwa ng'ambo. Kwa LM6000 inayochoma gesi, sehemu za moto hutakiwa kufanyiwa matengenezo kila baada ya saa zipatazo 25,000, na injini nzima kila baada ya saa 50,000. Mtambo usiopumzika hutimiza saa 25,000 kwa muda usiofika miaka mitatu. Kila mara sanduku linapoondoka, fedha za kigeni huondoka nalo, na kinachouma zaidi ni kwamba elimu nayo huondoka. Fundi wa Kitanzania hubaki na spana yake akiwa amejifunza kufungua boliti za nje tu. Anaweza kufanya kazi hiyo miaka 20, mkataba mzima, akastaafu bila ya kuliona panga la tabaini limelala juu ya meza.

Wako wanaodhani kuwa hilo ni jambo la ufundi tu, lisilo la siasa. Hao na watazame yaliyotokea mwaka 2022. Bomba la gesi la Nord Stream 1, kutoka Urusi kwenda Ujerumani, lilikuwa likisukumwa na mitambo iliyotokana na Trent, injini ya ndege ya abiria. Mtambo mmoja ulikuwa umepelekwa Montreal, Canada, kufanyiwa matengenezo, kwa sababu ndiko karakana yake ilikokuwa. Vita ya Ukraine ikazuka, vikwazo vikawekwa, mtambo ukakwama. Canada ikatoa kibali maalumu mwezi Julai, mtambo ukafika Ujerumani, na hapo Warusi nao wakakataa kuupokea kwa hoja za karatasi. Kansela Olaf Scholz akaenda mwenyewe Mülheim, akasimama kando ya chuma hicho mbele ya wapiga picha kuonyesha kwamba kipo. Gesi ikapungua, bei zikapaa, Ulaya nzima ikahangaika. Upande gani ulikuwa na haki katika ugomvi huo ni suala jingine. Linaloonekana ni kwamba karakana ya matengenezo iligeuka kuwa silaha mikononi mwa wakubwa, nao wakapigana nayo.

Hata kabla ya hapo, tangu mwezi Desemba 1981 hadi Novemba 1982, Reagan alizuia vifaa vya Kimarekani visitumike katika bomba la gesi la Siberia, na akataka kuzizuia hata kampuni za Ulaya zilizokuwa na leseni ya General Electric. Margaret Thatcher, rafiki yake mkubwa na mhubiri mwenzake, alikataa. Warusi kwa upande wao walikuwa na injini zao wenyewe, kama NK-16ST iliyotokana na injini ya ndege NK-8, wakazitumia.

Mwafrika ana mfano wa karibu zaidi. Shirika la Ndege la Ethiopia ni mali ya Serikali. Lilikuwa mali ya Serikali chini ya Mfalme, likabaki hivyo chini ya Derg, na liko hivyo leo. Lilianzishwa mwaka 1945 likiendeshwa na wataalamu wa TWA ya Marekani, lakini tangu mwanzo lilisomesha watu wake, na mwaka 1971 likapata meneja mkuu wa kwanza Mhabeshi. Leo hii katika karakana zake za Addis Ababa injini za CFM56 hufunguliwa, hutengenezwa na hujaribiwa na mikono ya Waafrika. Yaani kile kiini cha ndege ya nyuklia, ambacho marais wawili walikutana Iceland kukijadili, kinalala mezani mbele ya fundi wa Addis Ababa. Wahubiri wa soko huria, wanaojua kila kasoro ya kila shirika la umma barani Afrika, hulipita shirika hili kimya kimya, au husema kwamba ni jambo la pekee. Pekee kwa nini? Hawasemi.

Tanzania haikukaa bure. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ingawa ilichukua miaka thelathini kufika Ubungo, ilifika ikiwa mali ya nchi, chini ya TPDC. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, ambalo wataalamu wengi wa nje walilipinga, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024 na lilijengwa kwa fedha za Serikali. Lakini bwawa hutegemea mvua, na waliokuwapo mwaka 2006, Mtera ilipokauka na viwanda vikafungwa kwa mgawo wa umeme, wanajua kwamba mitambo ya gesi haitakosa kazi. Mwaka 2022 Watanzania wakaona pia Airbus A220 za shirika lao zikiegeshwa kwa hitilafu za injini ambazo hakuna fundi wa hapa aliyeweza kuzigusa. Wenye injini za namna hiyo walipanga foleni duniani kote, na mwenye ndege chache husubiri nyuma ya mwenye ndege mia.

Haitakiwi ndoto ya kutengeneza tabofeni Kibaha mwaka ujao. Linalotakiwa ni dogo na linawezekana, nalo limo katika uwezo wa maofisa waliopo. Mkataba wa kununua mtambo, au wa kuutunza, usitiwe saini kama hauna kifungu kinachotaja idadi ya mafundi na wahandisi watakaoingia katika karakana ya mwenye mtambo, si kama watalii wa wiki moja, bali kwa muda wote wa matengenezo, na kifungu hicho kiwe na adhabu ya fedha kisipotekelezwa. TANESCO, ATCL na Jeshi, ambao wote wana injini za jamaa moja, wasitume watu wao kila mmoja kivyake kana kwamba ni wa nchi tofauti. Kazi ya kukagua mapanga kwa kamera nyembamba ya kuingizwa ndani ya injini, kupima mitikisiko na kusawazisha mhimili, ni kazi inayofundishika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, katika DIT na katika kitivo cha uhandisi kilichofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Pasiwe na ofisa wa ununuzi anayekubali jibu kwamba habari hizo ni siri ya biashara. Marekani iliwatoza Wafaransa dola milioni 80 kwa siri ya aina hiyo. Mnunuzi anayelipa mamilioni kwa kila mtambo ana haki ya kuuliza anapewa nini zaidi ya chuma.

Na walimu wa sayansi wanaofundisha joto na mwendo kwa kuchora birika linalochemka, wawapeleke wanafunzi wao Kinyerezi. Injini itakayofikisha saa zake itafunguliwa na kutiwa sandukuni, na sanduku litapita bandarini au uwanja wa ndege likiwa na hati za forodha zenye uzito wake, thamani yake na mahali liendako. Katika hati hizo hakuna nafasi ya kuandika majina ya mafundi wa Kitanzania wanaosafiri pamoja nalo. Maofisa wa TANESCO na wa Wizara ya Nishati wanaweza kuanza kwa kuyadai majina hayo katika sanduku lijalo.